Nansio wiki ya mbalamwezi: Mwanza, Ukerewe na Ukara

Nimeyakusanya haya ya safari yangu ya visiwa vya Ziwa Victoria kutoka kwenye daftari la mfukoni na picha za simu, baadhi zilizopigwa na mtoto wa mwenyeji wangu ambaye alipenda zaidi kupiga kidole chake mwenyewe. Bei nilizotaja ni zile nilizolipa mimi. Zichukue kama dira, maana kule bei zina kalenda yake, kama utakavyoona.

Jumanne: Mwanza

Morogoro hadi Mwanza nililala zaidi ya nilivyoona. Ninachokumbuka ni baridi ya Singida alfajiri na muuza mayai wa Nzega aliyekimbia na basi akidai mia tano yake. Tuliteremka stendi ya Nyegezi mchana, jua la utosi. Kutoka hapo daladala inakuingiza mjini kwa nauli ndogo kuliko soda, na dirishani unayaona mawe ambayo kila mtu hukwambia habari zake kabla hujafika: majabali yamekaa juu ya majabali, na nyumba zimejipenyeza katikati yake hadi kileleni, kila moja na ngazi yake ya mawe na tangi lake la maji.

Nilikuwa na nusu siku, nikaitumia Kirumba Mwaloni. Hilo ndilo soko kubwa la dagaa na samaki wakavu, na harufu yake inakupokea kabla ya lango. Dagaa wamelundikwa kwenye magunia na viroba, wapo wa kula watu na wapo wa chakula cha kuku, na mnunuzi mzoefu anajua tofauti kwa kutia mkono na kuusikiliza mchanga. Waliokaushwa chini ufukweni huwa na mchanga. Walioanikwa kwenye vichanja ni safi na bei yao inapanda. Nilioneshwa pia kayabo, sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kukaushwa akawa mgumu kama ubao. Mzigo mwingi wa kayabo safari yake ni Kongo.

Mama mmoja mwenye meza ya dagaa aliniuliza ninakokwenda. Nilikuwa nimemwamkia "Mwangaluka, mama" kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, akacheka, kwa kuwa saa hizo asubuhi ilishapita zamani. Nikamwambia naenda Nansio, mji mkuu wa kisiwa cha Ukerewe.

"Wiki hii? Utaukuta mji umelala, mwanangu. Mbalamwezi hii."

Akanieleza huku akipima sado kwa mteja mwingine. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Dagaa huifuata nuru ya taa, wanazungukwa na wavu. Mwezi ukijaa, ziwa zima lina mwanga, na taa ya mvuvi haina cha kumshawishi dagaa. Basi kwa siku kadhaa kila mwezi mitumbwi hupandishwa ufukweni, watu wanasubiri giza. Ikiwa watu hawavui, hawauzi. Na wasipouza, wa dukani, wa gesti na wa bodaboda nao wanasubiri giza hilo hilo.

Nilidhani anatia chumvi.

*Kwa wanaokuja:* ukifika Mwanza jioni, lala karibu na bandari badala ya Nyegezi. Tofauti ya bei ya chumba ni ndogo kuliko nauli ya bodaboda ya alfajiri.

Jumatano: Kuvuka

Meli za Nansio huondokea Bandari ya Kaskazini, pale mjini kabisa. Tiketi wanaandika jina na namba ya simu, kwa hiyo beba kitambulisho. Daraja la tatu halikufika shilingi elfu kumi. La pili lina viti vizuri zaidi na runinga inayopiga kwaya moja tangu gati mpaka gati. Mimi nilikaa la tatu, nikashukuru.

Tuliambiwa saa tatu. Saa tatu ilifika na kupita tukiwa bado tunapakia: mabati, kreti za soda, magodoro yaliyofungwa kamba, boksi la vifaranga wanaolia, mlango mzima wa mninga pamoja na fremu yake. Kijana mmoja alimsindikiza mama yake aliyetoka kulazwa hospitali ya Bugando, na bila tangazo lolote watu wa benchi zima wakasimama ili mama alale. Alilala hivyo safari nzima, na waliompisha wakabaki wima au wakakalia magunia. Sikusikia aliyelalamika.

Tuliondoka karibu saa nne na nusu. Ukitoka, Jiwe la Bismarck linabaki kushoto kama lilivyo kwenye kadi za posta, halafu mji unageuka kuwa vilima, halafu unafifia. Maji yalikuwa shwari. Mazungumzo ya benchi langu yalikuwa daraja. Tangu Juni 2025 magari yanavuka Kigongo hadi Busisi juu ya daraja la kilomita 3, na foleni ya kivuko ambayo watu wa Sengerema na Geita waliizoea maisha yao yote imekwisha. "Na sisi je?" akauliza fundi cherehani mmoja mwenye mabunda ya vitenge. Mwalimu aliyekaa mbele yake akamjibu kwamba Ukerewe ni wilaya ya visiwa 38, ikianza kujengewa madaraja atakufa Bwana Harusi na Bibi Harusi hawajaonana. Kicheko. Lakini fundi hakucheka sana. Alinionesha mahesabu yake, kwamba kila kitenge anachokishona kimelipiwa meli kwenda na kurudi kabla hakijakatwa.

Yupo mzee aliyesimama ukingoni nje tangu gati hadi gati. Nikamwamkia shikamoo, nikampisha nafasi ndani. "Marahaba. Mimi ndani siingii," akasema. "Tangu '96." Hakuhitaji kuongeza. Mei 21 mwaka ule MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa na Mwanza, na Igoma, pembezoni mwa jiji, yako makaburi ya waliopatikana.

Chakula melini ni soda, biskuti na mayai. Jirani yangu, mama wa makamo anayefundisha chekechea, alinionea huruma akafungua kitambaa: matobolwa na karanga za kukaanga. Kwa asiyejua, ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa hadi vikakauka. Vikikatwa na kuanikwa vibichi huitwa michembe. Matobolwa unayatafuna taratibu mpaka utamu uje wenyewe. Nilikula hadi nikaona aibu, naye akaniongezea.

Nansio tuliingia saa nane mchana. Gatini bodaboda walikuwa wengi kuliko abiria. Niliyempanda alidai elfu moja bila ubishi, kisha akaniambia wiki ijayo ingekuwa elfu mbili.

Alhamisi: Mji unaosubiri

Mwenyeji wangu ni mama wa rafiki yangu wa kazini; mimi namwita Mama Mkubwa na yeye ananiita mwanangu, mambo yameishia hapo. Nililala gesti kwa sababu nyumba yake ilijaa wajukuu. Chumba chenye neti, feni na ndoo ya maji ya moto asubuhi kilikuwa elfu ishirini. Mhudumu akakishusha hadi elfu kumi na tano kabla sijafungua mdomo. Nilikuwa mgeni peke yangu kwenye korido hiyo.

Asubuhi Nansio inaanza na mafagio. Wanafunzi wanapita na mafagio na vidumu vya maji, wanawake wanafagia mbele ya vibanda, vumbi linapanda pamoja na moshi wa mandazi. Kuna ofisi za wilaya, soko, misikiti, makanisa, hospitali, vijiwe vya kahawa. Barabara kubwa ina pikipiki nyingi, baiskeli za mizigo nyingi zaidi, na ng'ombe wawili watatu wasiomwogopa mtu. Machungwa yanauzwa kwa mafungu kila hatua, na matamu kweli. Ukerewe inasifika kwa machungwa na si uongo.

Nilikwenda kwa wakala kutoa laki moja. "Keshi sina, kaka. Jaribu kule." Kule wakanambia hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa na elfu sitini. Alinifafanulia kwa subira ya mtu anayelijibu swali hilo kila mwezi: pesa taslimu huingia mjini na wavuvi wanaorudi kuweka, wasipovua hakuna anayeweka, wote wanatoa. Ile noti niliyoifuata ilikuwa ziwani, haijavuliwa bado.

Nikaanza kuona. Kwenye duka la Mama Mkubwa, kuna daftari la mkopo limefungwa na uzi kwenye msumari. Alikuja kijana akachukua sabuni, sukari nusu na vocha, akasema tu "giza, mama," na Mama Mkubwa akaandika. Akaja mwingine, mke wa mvuvi, akachukua mafuta ya kula ya mia tano: "giza." Hakuna tarehe kwenye lile daftari. Nilimuuliza kama hawamkimbii. Akasema wachache, na anaowahofia zaidi ni waajiriwa wa mshahara, maana hao huhamishwa.

Lakini si kila mtu hulala. Mchana nilishuka ufukweni nikakuta kelele za nyundo. Mbalamwezi ndiyo msimu wa mafundi mitumbwi. Vyombo vyote vilivyopandishwa vinakaguliwa: mbao zilizooza zinabadilishwa, nyufa zinajazwa pamba kwa patasi butu, yaani kukalafatiwa, kisha zinapakwa. Chini ya mwembe vijana kumi hivi wameketi wanashona nyavu, sindano zinakwenda bila wao kuzitazama, hadithi haikatiki. Fundi mkuu, mzee mwenye kofia ya sufu jua kali vile, aliniambia yeye huomba Mungu mwezi ujae. "Wao wanapolia mimi nakula. Wao wakila mimi nalala." Nikamuuliza analipwaje kama wavuvi hawana hela. Akanyoosha mkono kuelekea ziwani: giza.

Wapo pia wanaovua sangara kwa nyavu za makila na ndoano. Mwezi hauwasumbui hivyo. Samaki wao hununuliwa na magari ya barafu yanayopeleka viwandani Mwanza, na sangara wa chini ya sentimita 50 hairuhusiwi kumvua, ingawa kwenye kikaango cha mama lishe sikuona mtu akipima. Mabondo, vile vibofu vya hewa vya ndani ya sangara, yanafungwa pembeni na kuhesabiwa kwa macho makali, kwa sababu soko lake ni Wachina na kilo yake inaacha mbali kilo ya nyama.

Chakula cha jioni: sato wa kuchemsha na nyanya, ndimu na pilipili mbuzi, na ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi na unaonata. Shilingi elfu nne kwa mama lishe wa karibu na soko. Ugali ule usiujaribu kwa uma.

*Kwa wanaokuja:* ziwa linavutia na watoto watakuita uogelee. Usiingie kwenye maji ya ufukweni. Kichocho kule ni ugonjwa wa kawaida, watoto shuleni hupewa dawa zake, na konokono wanaoubeba wanapenda penye majani na maji yaliyotulia, yaani palepale panapopendeza. Na keshi, toa Mwanza.

Ijumaa: Ukara

Nilichukua bodaboda hadi Bugolora, kaskazini mwa kisiwa, karibu saa moja ya barabara ya vumbi, mihogo na majabali. Dereva alilipwa elfu kumi na mbili, na njiani akasimama kwao kunionesha kwa bibi yake, nikapewa maji na chungwa.

Kutoka Bugolora hadi Bwisya, kwenye kisiwa jirani cha Ukara, kivuko hakichukui hata saa moja. Ndiyo njia ile ya MV Nyerere. Septemba 20, 2018, siku ya gulio la Bugolora, ilipinduka ikiwa imekaribia gati la Bwisya, wakafa zaidi ya watu 220. Kivuko cha sasa ni kipya na kikubwa zaidi, na mabaharia walikuwa wakali kuhusu makoti ya kuokolea. Mama aliyeketi nami alivaa lake na kulifunga kamba zote, akamfunga mwanaye, akaangalia na langu, akalikaza bila kuniuliza. Kisha akaendelea na habari za bei ya vitunguu.

Wageni wengi huenda Ukara kwa ajili ya jiwe linalocheza. Mimi nilikwenda kwa ajili ya mashamba, na ningeshauri hivyo kwa yeyote aliyekulia jembeni. Kisiwa ni kidogo na watu wamesongamana kwa vizazi vingi. Ardhi haijawahi kuwatosha, kwa hiyo hawakuiacha ipumzike. Walimlisha ng'ombe ndani, kwenye shimo nyumbani, wakimletea majani kwa kichwa, na samadi yote ikarudi shambani. Wazee walipanda marejea katikati ya uwele ili ikafukiwe na kurutubisha udongo. Njugu mawe nazo zilikuwa na zamu yake. Wataalamu wa kikoloni walikuja kustaajabu na kuandika, huku kwingineko wakilazimisha watu matuta kwa amri.

Siku hizi muhogo umetawala. Hata hivyo nilioneshwa zizi moja lenye shimo, ng'ombe amesimama chini kuliko sakafu anayokanyaga mwenye nyumba, anatafuna mabingobingo. Mzee mwenye zizi alikuwa na vijana wanne, wote wameondoka: Geita, Mwanza, Sengerema. "Hapa tunazaa watu wa kusafirisha," akasema. Aliniuliza heka moja Morogoro ni kiasi gani. Nilipomjibu aliguna, akanyamaza, kisha akamuuliza mkewe kama amesikia.

Kivuko cha kurudi hakikuondoka kwa wakati, na hakuna aliyetueleza. Tulikaa gatini tangu saa tisa mpaka karibu saa kumi na mbili. Mwenye kibanda alitoa viti vyote vya nje, akaleta jagi la chai ya maziwa kwa wazee na wenye watoto, na alipoulizwa deni ni kiasi gani akasema chai ile ingemwagwa tu. Sukari aliiweka nyingi mno kwa chai ya kumwagwa. Bugolora dereva wangu alikuwa bado ananisubiri. Hakuomba nyongeza, nilimwongezea elfu tatu.

Jumamosi

Mvua tangu asubuhi. Nilifua, nikalala, na jioni nikafika Bukindo kuona ikulu ya zamani ya watemi wa Ukerewe, jumba lenye ukubwa wa kukumbusha kwamba hapa palikuwa na dola yake kabla ya uchifu kufutwa nchini 1963. Kuta zinahitaji fundi.

Usiku mwezi ulichelewa kuchomoza. Saa mbili bado giza, na taa tatu nne zilionekana mbali majini. Mama Mkubwa alizitazama akacheka: "Hao ndio wenye madeni makubwa." Baada ya mwezi mpevu kila usiku giza la mwanzo linarefuka kidogo, na wenye haraka hujaribu kulidokoa kabla mwezi haujapanda. Hawakupata kitu cha maana. Lakini Jumapili asubuhi bei ya chumba changu ilikuwa imerudi elfu kumi na nane.

Jumapili: Kurudi kwa Bunda

Sikutaka kurudi kwa meli, nikazunguka: Nansio hadi Rugezi, kivuko hadi Kisorya, halafu Bunda. Kivuko hiki ni kifupi na nauli yake ni ya sarafu. Basi linapanda na abiria wanashuka kutembea kwa miguu. Upande wa Kisorya lami ni nzuri, ziwa linakaa kulia na kupotea na kurudi.

Bunda nilipanda mchomoko, ile Probox ya watu wanne inayobeba wanane, na kabla ya Lamadi ukapasuka tairi. Spea ilikuwepo, jeki haikuwepo. Lori la mahindi lilisimama bila kupungiwa, utingo akateremka na jeki, akafunga tairi mwenyewe akimfokea dereva wetu kama mdogo wake, akapanda lori akaondoka. Hata soda alikataa. Upande wa pili wa barabara ni Serengeti, geti la Ndabaka halipo mbali, na nyumbu wachache walitutazama kazi nzima.

Magu, Kisesa, Igoma, na saa kumi na moja nilikuwa Mwanza mjini. Njia yote hii, vyombo vyote, ilinigharimu kama elfu ishirini na mbili na siku nzima. Meli ni nusu ya bei na nusu ya muda. Zunguka kwa Bunda kama unaelekea Musoma au Serengeti, vinginevyo panda meli.

Na kuhusu wakati wa kwenda: angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Ukitaka chumba rahisi, watu wenye nafasi ya kupiga soga na mafundi wakiwa kazini ufukweni, nenda mwezi unapojaa. Ukitaka kuona ziwa limejaa taa na ufukwe umejaa dagaa wanaoanikwa, subiri kama siku kumi baadaye, weka nafasi ya gesti mapema, na usibishane na bodaboda akikwambia elfu mbili.